Shajara ya mradi wa kachumbari: mgahawa mdogo, Mbuyuni, Moshi

Mwanzo wa Juni: lengo na masharti

Lengo ni moja tu, kachumbari iliwe. Kwa sasa mgahawa wetu hapa karibu na soko la Mbuyuni unaipakua kama pambo la sahani, vijiko viwili pembeni ya wali maharage, na sehemu kubwa inarudi jikoni ikamwagwe. Mteja simlaumu. Nyanya, kitunguu, tango, chumvi, na ndimu kama ipo: Jumatatu hivyo, Ijumaa hivyo, Krismasi hivyo. Hata mimi niliyeikata huwa naisogeza kando.

Masharti tumekubaliana na wenzangu jikoni. Kila kitu kipatikane sokoni Mbuyuni au dukani kwa mangi wa jirani. Bei ya sahani ibaki ilipo. Chumvi ipungue, isiongezeke hata kidogo. Na mayonezi marufuku. Si kwamba ni sumu, ila kijiko kikubwa kimoja kina kalori zipatazo 90, karibu zote za mafuta, na chochote unachokipaka mayonezi kinakuwa na ladha ya mayonezi. Tukianzia huko hatutajifunza lolote.

Kipimo chetu ni ndoo. Kabla ya kuosha vyombo, mboga mbichi zote zilizoachwa zinakung'utwa kwenye ndoo ya peke yake, na jioni tunaangalia imefika wapi. Nimeichagua ndoo kwa sababu haisemi "chakula kizuri, dada" huku imeacha nusu.

Kuhusu afya niandike hapa mara moja ili nisirudierudie. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na chumvi isifike gramu 5, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai. Dereva wa gari la Noah anakula kwetu mchana, usiku anakula chipsi stendi. Hizo gramu 400 atazitoa wapi kama hata vile vijiko viwili havimwingii?

Wiki hiyohiyo: kitunguu

Tumeanza na kitunguu kwa sababu ndicho wanachokilalamikia kwa sauti. "Dada, mimi saa nane nina kikao, hicho niondolee." Ukali wa kitunguu haupo mpaka kisu kipite. Kikiwa kizima, dutu zake zenye salfa zimekaa mbali na kimeng'enya chake. Ukikata, seli zinapasuka, vitu hivyo viwili vinakutana, na hapo ndipo macho yanapotoa machozi. Kwa maana hiyo kisu butu ni adui wa kwanza, kwa kuwa kinaponda badala ya kukata. Visu vyote vimenolewa kabla ya jaribio lolote.

Njia ya siku zote ni kukifikicha kwa chumvi na kukisuuza. Ukali unatoka kweli, lakini kitunguu kinalegea na chumvi haitoki yote. Tumekilaza kwenye maji baridi matupu robo saa: ukali umepungua, na bado kinalia "kwach" mdomoni. Kisha tumekilaza kwenye maji ya ndimu muda uleule, na jikoni kukawa na vigelegele, maana kitunguu chekundu cha Mang'ola kiligeuka waridi inayong'aa. Ile zambarau yake hubadilika ikikutana na tindikali. Huhitaji rangi ya dukani. Wateja waliuliza ni kitu gani kile. Kachumbari ya zamani hakuna aliyewahi kuiulizia.

Maji yanayojaa chini ya bakuli nayo tumeyashughulikia. Chumvi inavuta maji kutoka kwenye nyanya na tango, kwa hiyo sasa inaingia wakati wa kupakua. Tango linapasuliwa na mbegu zake kukwanguliwa kwa kijiko. Nyanya tunachukua zile ngumu zenye umbo la yai. Basi, hakuna zaidi.

Katikati ya Juni: uchachu

Hapa ndipo kazi ilipoanza kunoga. Kachumbari nyingi za mtaani zina kasoro moja: chumvi nyingi, uchachu kidogo. Ulimi ukiguswa na uchachu wa kutosha haudai chumvi kwa nguvu. Tumeipunguza chumvi taratibu bila kumtangazia mtu, na aliyelalamika ni fundi wa gereji mmoja ambaye huinyunyiza kabla hajaonja, hata kwenye uji.

Ndimu ni nzuri lakini bei yake haitabiriki, kwa hiyo tumetafuta wasaidizi. Ukwaju umetushangaza. Unalowekwa kwenye maji ya moto, unaminywa, unachujwa. Halafu unakunia humo tangawizi mbichi, na sisi tangawizi ya Same tunaipata kirahisi. Mchuzi huo ukikutana na kabichi iliyokatwa nyembamba kabisa, karoti ya kukuna na giligilani nyingi, unapata kitu ambacho watu wanakila peke yake kwa uma. Siri ni kuikanda kabichi kwa mikono kidogo ili ilegee na kunywa ukwaju, kisha kuiacha nusu saa. Kabichi ya zambarau ikipatikana ndiyo bora, kwa sura.

Pasheni pia. Unakamua tunda pamoja na mbegu zake juu ya tango na nanaa, unaongeza pilipili kidogo, umemaliza. Mbegu zile zinavunjika menoni na kuifanya saladi ya tango, ambayo kwa asili imepoa mno, iwe na neno la kusema.

Mangi wa dukani ameshauri sukari kidogo "ili ivutie watoto". Amekataliwa kwa heshima. Utamu tukiuhitaji, karoti inao.

Bado Juni: usafi, kwa kifupi lakini kwa ukali

Saladi nzuri inayomlaza mtu hospitali si saladi. Mchanga na mayai ya minyoo vinakaa kwenye majani, hasa kwenye shina la saladi na giligilani, na maji ya kumwagilia bustani za mjini kila mtu anajua yanavyotoka. Kwetu jani linaoshwa moja moja kwenye maji safi yanayotiririka, halafu linasuuzwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Kibao cha nyama hakikanyagwi na nyanya. Kachumbari inachanganywa kidogo kidogo, bakuli dogo baada ya bakuli dogo, na kilichokaa mezani zaidi ya saa mbili hakirudi kwa mteja.

Mwisho wa Juni: mafuta, na mwalimu

Tulipoanza kuweka vipande vya parachichi juu ya kachumbari, kesi ya kwanza ilifunguliwa na mwalimu mstaafu anayekula kwetu karibu kila siku.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Daktari kaniambia nipunguze mafuta. Hili parachichi unaniwekea la nini?"

"Mwalimu, hilo ni robo tu. Na maharage yako leo hayakuungwa kwa mafuta."

"Kwa hiyo umeniondolea huku ukanirudishia huku?"

Ndivyo hasa, nikamwambia, na nikakaa kumweleza. Rangi ya karoti na nyanya inatokana na dutu ziitwazo karotenoidi, ambazo zimo pia kwenye majani mabichi, na baadhi yake mwili huzigeuza kuwa vitamini A. Dutu hizo huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, walichapisha jaribio ambalo watu walilishwa saladi ya majani, nyanya na karoti, mara ikiwa na mchuzi usio na mafuta kabisa, mara wenye mafuta kidogo, mara wenye mafuta zaidi. Pasipo mafuta, karotenoidi zilizoonekana kwenye damu zilikuwa kama hakuna. Yaani unaweza kula karoti ukaridhika nafsi, mwili usipate kitu. Parachichi linafanya kazi hiyohiyo, na mafuta yake kwa sehemu kubwa ni ya aina ileile inayosifiwa kwenye zeituni.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akasema atamuuliza daktari wake, na hilo ndilo jibu sahihi. Parachichi alilila.

Kwa kumbukumbu, mchuzi tuliokubaliana nao: parachichi moja lililoiva vizuri, nusu kikombe cha mtindi usio na sukari, maji ya ndimu moja, punje ya kitunguu saumu, giligilani, chumvi kwa ncha za vidole. Saga au ponda kwa uma. Ndimu haipo kwa ladha tu. Inachelewesha parachichi kuwa jeusi. Mchuzi huu umeshika nafasi ya mayonezi kwenye saladi ya viazi pia, na hakuna aliyeuliza mayonezi yamekwenda wapi.

Julai, baridi kali: vitu vya kutafuna

Wapagazi wanaoshuka mlimani ndio wateja wangu bora wa saladi. Wakimaliza safari wanataka kitu kibichi kuliko hata nyama. Mmoja wao ndiye aliyetoa dosari ambayo hatukuwa tumeiona: "Dada, laini tupu. Tia kitu kinachovunjika."

Karanga zikikaangwa kikavu na kupondwa nusunusu kwenye kinu ndiyo njia ya haraka. Tunaziweka kwenye kibakuli cha pembeni, mteja ajinyunyizie, kwa sababu wapo watu ambao karanga zinawadhuru vibaya na huwezi kuzichomoa zikishachanganywa. Ufuta nao, ukikaangwa hadi unukie. Mbegu za maboga tulikuwa tunazitupa! Sasa zinaoshwa, zinaanikwa, zinakaangwa, na hazigharimu chochote.

Halafu choroko iliyochipua. Unailoweka usiku, asubuhi unaimwaga maji, unaifunga kwenye kitambaa safi chenye unyevu, na kuisuuza asubuhi na jioni. Kwa baridi hii ya Moshi inajivuta; siku ambazo Dar es Salaam ingekuwa tayari, hapa ndiyo kwanza inachungulia. Ladha yake ni ya njegere changa. Angalizo: joto na unyevu vinavyoipendeza choroko vinaipendeza bakteria pia, kwa hiyo ya wajawazito na watoto wadogo tunaitumbukiza kwanza kwenye maji yanayochemka. Na asije mtu akafanya hivi kwa maharage mekundu. Maharage mabichi yana sumu iitwayo lektini ambayo huisha kwa kuchemshwa sawasawa. Yakiliwa mabichi, yawe yamechipua au la, ni kutapika.

Maharage yaliyoiva ni habari nyingine. Yale ya jana yaliyobaki kwenye jokofu kabla hayajaungwa, ukayachanganya na kitunguu cha ndimu, hoho na nyanya, ni mlo kamili kwa mtu asiyetaka wali. Mabinti wa saluni ya jirani wanayaagiza kwa kikombe kikubwa.

Julai, baadaye: mnafu wa baridi

Nilipita gulio la Tengeru, upande wa Arusha, siku ya Jumamosi. Ukitaka kuona mboga za asili zimepangwa mafungu mpaka barabarani, nenda pale. Mnafu, mchicha, mgagani, majani ya kunde. Si ajabu kwamba kituo cha World Vegetable Center, kinachoshughulika na mbegu za mboga hizi za Kiafrika, kipo maeneo hayohayo. Nimerudi na swali: kwa nini tukisikia "saladi" tunakimbilia jani la kizungu lisilo na ladha, wakati jani lenye tabia tunalo?

Jibu mojawapo ni kwamba mnafu hauliwi mbichi. Una kemikali chungu za ukoo mmoja na zile za kiazi kilichogeuka kijani, na kuuchemsha na kumwaga maji ndiyo kinga ya tangu enzi za bibi zetu. Lakini nani alisema saladi lazima iwe mbichi? Tumeuchemsha, tukamwaga maji, tukautia kwenye maji baridi ili ukijani usife, tukaukamua, tukaukatakata, tukauchanganya na kitunguu, nyanya, karanga za kuponda na ndimu.

Ndimu inaingia mwisho, mnafu ukiwa umepoa, kwa sababu vitamini C haipendi moto. Na ndiyo inayousaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye mimea. Mpinzani wake ni chai. Chai ikinywewa pamoja na mlo inazuia chuma hicho, na mgahawani kwetu chai hainywewi kabla wala baada, inanyweka katikati. Nimeanza kuwaambia akina mama wajawazito waicheleweshe kama saa moja hivi. Wengine wananisikiliza.

Mama mmoja wa Kibosho aliuangalia mnafu wetu kwa muda mrefu. "Mnafu wa baridi? Na mtori je, mtauweka kwenye friji?" Akauonja. Akasema umepungua uchungu mno, tuurudishie. Hilo ndilo nimeliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, maana tulikuwa tunauchemsha na kumwaga maji zaidi ya mara moja kwa kumwogopa mteja wa mjini, kumbe aliyeuzoea anautaka uchungu wake. Sasa unachemshwa na kumwagwa maji mara moja tu.

Mwanzo wa Agosti: ndizi

Wazo la mdogo wangu wa jikoni: tuchemshe ndizi mshare, zipoe, tuzikate vipande, tuzichanganye na kachumbari ya ndimu na parachichi. Kimaumbile wazo halina kasoro. Wanga wa ndizi au kiazi ukipikwa ukapoa, sehemu yake inageuka kuwa ya aina isiyomeng'enywa haraka, inakwenda kuwalisha bakteria wazuri wa utumbo mpana. Na inashibisha.

Kijamii, hapa ni Moshi. Mzee mmoja aliita sahani ile "machalari ya msibani iliyosahauliwa" (machalari ni ndizi za kupikwa na nyama) na meza nzima ikacheka, pamoja na mimi. Wateja wa kutoka Singida na Dodoma waliila bila matatizo, na wageni wa kizungu waliipiga picha. Wachaga walikula vilivyoizunguka. Ndoo ya siku ile ilijaa ndizi. Tumeiacha kwenye orodha ya kuagizwa tu, na mdogo wangu amenuna. Binafsi naipenda sana.

Agosti: bitiruti

Inachemshwa na ganda lake na kipande cha shina, vinginevyo rangi yote inabaki sufuriani. Inachanganywa mwisho, la sivyo sahani nzima inakuwa nyekundu. Baadhi ya watu wakiila mkojo wao unakuwa mwekundu, na tumejifunza kuwatahadharisha mapema, kwa sababu bodaboda mmoja alinipigia simu usiku akiniaga. Ikikutana na chungwa lililomenywa na mbegu za maboga, sina la kuongeza.

Mwisho wa Agosti: hali ilivyo

Ndoo sasa haifiki nusu siku za kawaida. Siku za kabichi ya ukwaju inakaribia kuwa tupu, na siku za tango na pasheni inategemea hali ya hewa. Baridi ikizidi watu hawaligusi tango hata ulipambe vipi. Ratiba imebandikwa ukutani ili kachumbari isijirudie siku mbili mfululizo. Nikiulizwa nini hasa kimebadilisha mambo, si wingi wa vitu. Sahani zilizoliwa zaidi hazikuwa na vitu vingi kuliko kachumbari ya zamani. Kila moja ilikuwa na kichachu, chenye mafuta na kinachovunjika, na kila mara kilipokosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, ndoo ilipanda. Zile zilizojaa mboga za kila aina tulizozitengeneza kwa mbwembwe siku za mwanzo zilirudi zikiwa zimechokonolewa tu.

Gharama: karanga na mbegu hazisumbui. Parachichi msimu ukiisha litaumiza, na hapo ufuta wa kusagwa na mtindi utachukua nafasi yake. Mdogo wangu ameanza kuujaribu, kwa sasa ni mzito mno na unaganda kwenye koo. Chumvi tunanunua kidogo kuliko zamani, hilo mangi ndiye aliyeligundua.

Yanayofuata: kutafuta mkulima wa mnafu mwenye maji ya kumwagilia kabla kiangazi hakijaupandisha bei, kutengeneza kibakuli cha pilipili kando, kwa sababu ugomvi wa pilipili kati ya madereva na mabinti wa saluni haujapata suluhu, na kusubiri embe bichi kuelekea mwisho wa mwaka, ambalo nimeshaliandalia bizari nyembamba ya kukaanga. Fundi wa gereji bado anatia chumvi. Tumembadilishia kikopo, hiki kina matundu mawili.